Kura Hazibebwi Kikapuni

Nataka tulizungumze swali ambalo tutalisikia sana kuanzia sasa hadi Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, siku ambayo kwa mujibu wa Katiba, Kenya itafanya uchaguzi mkuu. Je, mpiga kura aliyezoea chama fulani au mrengo fulani anaweza kuuacha mkono, akampa kura ya urais mgombea wa upande wa pili?

Ukiwasikiliza wanasiasa, jibu wanalo tayari. Eneo hili ni ngome ya fulani, wanasema. Fulani akihamia mrengo ule, atahama na kikapu chake cha kura. Basi huketi hotelini wakapiga hesabu: milioni mbili kutoka huku, milioni moja na nusu kutoka kule, wakajumlisha, na kabla ya mwananchi hata mmoja kupanga foleni wameshapata rais. Mimi naamini hesabu hiyo ina kasoro kubwa, na nitatumia historia yetu wenyewe kuonyesha kasoro iko wapi.

Kwanza tuviangalie vyama vyenyewe. Mwai Kibaki alitoka KANU mwishoni mwa 1991 akaanzisha DP. Urais aliupata 2002 kwa tiketi ya NARC, na 2007 akautetea kwa tiketi ya PNU. Uhuru Kenyatta aligombea 2002 akiwa KANU, 2013 akiwa TNA, 2017 akiwa Jubilee. William Ruto amepitia KANU, ODM, URP na Jubilee kabla ya kuingia Ikulu na UDA. Raila Odinga naye alipitia FORD-Kenya, NDP, KANU na LDP kabla ya ODM. Viongozi wanne, na orodha ya vyama isiyokwisha. Kwa hiyo, msikilizaji, tukimuuliza Mkenya kama anaweza kuvuka mpaka wa chama, tunamuuliza habari ya mpaka ambao viongozi wenyewe huuhamisha kila baada ya miaka 5. Chama si kizuizi kikubwa kwake.

Kizuizi kikubwa ni kingine, na tuseme wazi bila kuzunguka. Ni ile hali ya kuhisi kwamba mgombea huyu ni wetu na yule ni wao. Tusiwacheke watu kwa hilo. Kwa miaka mingi raia wa nchi hii waliona barabara ya lami ikielekea kwa kina nani, vyeo serikalini vikigawiwa kina nani, ardhi ikichukuliwa na kina nani. Mtu aliyeyaona hayo akiamua kura yake imwendee mtu wa kwao, hajafanya ujinga. Amejifunza kutokana na aliyoyaona. Na 2007 ilitufundisha somo chungu zaidi: Wakenya zaidi ya 1,100 walipoteza maisha, mamia ya maelfu wakakimbia makwao, kwa sababu ya uchaguzi ambao hata tume ya uchunguzi ya Jaji Kriegler ilishindwa kubaini ni nani hasa aliyeshinda. Aliyechomewa nyumba kwa sababu ya kura aliyodhaniwa kupiga hawezi kuambiwa kwamba kuvuka ni jambo jepesi.

Hata hivyo, Wakenya wamevuka, tena zaidi ya mara moja.

Kumbuka 2002. Rais Moi alimteua Uhuru Kenyatta awe mrithi wake. Tarehe 14 Oktoba, katika bustani ya Uhuru Park, Raila Odinga alisimama mbele ya umati akatamka maneno mawili: Kibaki tosha. Mapema Desemba Kibaki akaumia katika ajali ya gari, akapelekwa London kutibiwa, na Raila na wenzake wakaendelea kumpigia kampeni nchi nzima. Waluo, watu wa Raila, kwa wingi wao walimpigia kura mgombea wa kutoka Nyeri, wakati ambapo wagombea wakuu wote wawili walikuwa Wakikuyu. Kibaki alipata zaidi ya asilimia 60, akaapishwa tarehe 30 Desemba akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Sherehe zile wengi wetu tunazikumbuka. Nchi ilihisi ni moja.

Kumbuka pia 2013. Wakalenjin wa Bonde la Ufa walikuwa wamempa Raila kura zao kwa wingi 2007, na ghasia zilizofuata ziliwakuta wao na Wakikuyu wakiwa mahasimu. Miaka 5 baadaye watu hao hao waliokuwa wamepigana waliungana nyuma ya Uhuru na Ruto, na Uhuru akapita kwa asilimia 50.07.

Mara hizo mbili watu walivuka wakiwa nyuma ya kiongozi wao. Kiongozi alitangulia, wao wakafuata. Mwanasiasa anapozitazama 2002 na 2013 huona ushahidi kwamba kikapu kipo na kinabebeka. Ila 2022 ilikuja na habari nyingine.

Tarehe 9 Machi 2018, Uhuru na Raila walipeana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee, na handisheki hiyo ikabadilisha siasa zote za nchi. Ilipofika 2022, Rais aliyekuwa anamaliza muda wake aliwaomba watu wa Mlima Kenya wamchague Raila, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amewaonya dhidi yake kwa miaka mingi. Raila alimchukua Martha Karua wa Kirinyaga kuwa mgombea mwenza. Sehemu kubwa ya serikali ilikuwa nyuma yao. Wiki tatu kabla ya kura, bei ya pakiti ya unga ya kilo 2, iliyokuwa imepanda kupita shilingi 200, iliteremshwa kwa ruzuku hadi shilingi 100. Kwa hesabu ya hotelini, kikapu cha Mlima kilikuwa tayari.

Mlima ulikataa. Katika kaunti nyingi za eneo hilo Ruto alizoa zaidi ya kura tatu katika kila nne. Hata Kirinyaga kwa Karua alishinda. Raila aliongeza kura huko ikilinganishwa na 2017, lakini nyongeza hiyo ilikuwa mbali sana na ile aliyoahidiwa.

Watu wengi walishangaa, wakasema Mlima umemwasi kiongozi wake. Nikilitazama jambo hili kwa makini, naona vingine. Aliyevuka alikuwa Uhuru. Watu walibaki pale pale alipokuwa amewaweka. Yeye ndiye aliyewaambia tangu 2013 kwamba angetawala miaka 10 kisha wampe Ruto 10. Yeye ndiye aliyewahubiria kwamba Raila hafai. Mwananchi aliyebeba maneno hayo kwa muongo mzima hakuweza kuyatua kwa mkutano mmoja wa hadhara. Juu ya hayo kulikuwa na maisha yenyewe: kazi haba, mikopo ya simu isiyolipika, biashara ndogo iliyokufa wakati wa korona na haikuinuka. Ruto alipozungumza habari ya mama mboga na mwendesha bodaboda, alikuwa akizungumza na watu waliohisi kwamba handisheki iliwahusu wakubwa na kuwasahau wao.

Somo la kwanza, basi, ni hili: imani ya mpiga kura hujengwa pole pole, na haihamishwi kwa amri.

Sasa twende Nairobi, maana huko kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Jivute karibu na redio unisikilize.

Siku ile ya tarehe 9 Agosti 2022, mkazi wa Nairobi aliamka gizani akapanga foleni kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kituo kilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Aliweka kidole kwenye mashine, jina lake likatokea, akapewa karatasi 6: nyeupe ya rais, ya samawati ya gavana, ya njano ya seneta, na nyinginezo za mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Akaingia nazo kwenye kibanda cha kadibodi, akabaki peke yake na kalamu. Viongozi walikuwa wamemwomba avae suti kamili, yaani karatasi zote 6 aziwekee chama kimoja au mrengo mmoja. Nairobi ilifanya nini? Kwa urais ilimpa ushindi Raila wa muungano wa Azimio. Kwa ugavana ikamchagua Johnson Sakaja wa UDA, chama cha mpinzani wa Raila. Kwa useneta ikarudi kwa ODM ya Raila, ikamchukua Edwin Sifuna. Mwakilishi wa wanawake, ikamrudisha Esther Passaris wa ODM. Sakaja alipata kura zaidi ya laki moja kuliko Ruto, ilhali wote wawili walikuwa wa UDA, mji mmoja, siku moja.

Kwa hiyo kuna watu kwa makumi ya maelfu ambao dakika ile ile, kwa kalamu ile ile, walivuka wakaenda na wakarudi. Na Nairobi haikuwa peke yake. Kule Kwale, Raila alishinda kura ya urais, lakini gavana aliyechaguliwa ni Fatuma Achani wa UDA, mwanamke aliyekuwa naibu gavana kwa vipindi viwili na ambaye watu walimjua kwa kazi yake. Meru ilimpa Ruto kura za urais, kisha ikawaacha wagombea wa vyama vikubwa ikamchukua Kawira Mwangaza, mgombea huru asiye na chama chochote.

Hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba Mkenya ana uwezo wa kutazama mtu na kuacha rangi ya chama. Uwezo huo anao tayari. Huutumia anapochagua gavana kwa sababu gavana anamjua: anajua zahanati ina dawa au haina, anajua soko limejengwa au limebaki uwanja wa matope. Akifika kwenye karatasi nyeupe ya rais, uoga unaingia. Rais yuko mbali, na madaraka yake ni makubwa mno. Ndiyo sababu kura ya urais ndiyo ngumu zaidi kuvuka kuliko zote.

Majirani zetu wa Tanzania nao wana uzoefu wao. CCM huwahimiza wafuasi wake wapige kura ya mafiga matatu: rais, mbunge na diwani, wote wa chama kimoja. Mwaka 2015, Edward Lowassa, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliihama CCM akajiunga na CHADEMA akiungwa mkono na muungano wa UKAWA. Mikutano yake ilijaa hadi watu wakaiita mafuriko. Kura zilipohesabiwa alitangazwa kupata takribani asilimia 40, kiwango ambacho hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kutangaziwa tangu uchaguzi wa vyama vingi uliporejea 1995. Lakini John Magufuli alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 58. Wengi walimfuata Lowassa, na wengi zaidi wakabaki na chama chao. Mkutano kujaa ni jambo moja na kura kuhama ni jambo jingine.

Msikilizaji, kuna njia ya tatu ambayo wachambuzi huisahau. Mtu aliyechoshwa na upande wake si lazima avuke. Anaweza kubaki nyumbani. Mwaka 2017, uchaguzi wa Agosti ulivutia karibu wanane katika kila wapiga kura kumi walioandikishwa. Mwaka 2022 walijitokeza takribani asilimia 65 tu, kati ya watu milioni 22 waliokuwa kwenye daftari. Hao waliobaki nyumbani ni mamilioni. Wapo waliokuwa na sababu ya ugonjwa au safari. Wapo pia waliokuwa na hasira na upande wao, wakashindwa kuwaamini wale wengine, wakaamua kwenda shambani au kulala. Na tofauti kati ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Kipimo cha nusu kuongeza kura moja, Ruto alikivuka kwa takribani kura 70,000. Watu 70,000, ukiwagawa katika kaunti 47, hawafiki hata 1,500 kwa kila kaunti. Anayekuambia kura yako moja haina maana, mpe hesabu hiyo.

Tuje sasa 2027. Kwa mara ya kwanza tangu 2002, karatasi ya urais haitakuwa na jina la Raila Odinga. Baba, kama wengi walivyomwita, alituaga tarehe 15 Oktoba 2025, na nchi ikamlilia. Miezi saba kabla ya hapo, Machi 2025, alikuwa ametia saini makubaliano kati ya ODM na UDA, baada ya watu wa chama chake kuingia tangu 2024 katika kile kinachoitwa serikali jumuishi. Tangu alipoondoka, viongozi wa ODM hawazungumzi kwa sauti moja: wapo wanaotaka chama kimuunge mkono Rais Ruto, na wapo wanaotaka chama kisimame chenyewe. Upande wa Mlima nako, Rigathi Gachagua, aliyekuwa naibu rais na aliyeng'olewa na Seneti Oktoba 2024, sasa ana chama chake cha DCP, na anawaambia watu wake wamwache Ruto waliyemchagua.

Uone mambo yalivyogeuka. Nyanza kwao Raila, iliyompinga Ruto 2022, inaombwa ivuke kuja kwake. Mlima, uliomchagua, unaombwa uvuke kutoka kwake. Sitabashiri nani atashinda. Ninachosema ni kwamba anayedhani Nyanza nzima itahamishwa kwa saini ya viongozi asome habari za Mlima 2022. Na anayedhani Mlima mzima ni wa mtu mmoja kwa sababu aliondolewa madarakani, naye asome habari hizo hizo. Watu watauliza: kwa jambo hili sisi tunapata nini, na huyu anayetuomba alisimama wapi tulipoumia?

Kuna pia vijana. Juni 2024 walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Tarehe 25 waliingia hadi Bungeni. Wengine waliuawa kwa risasi siku hiyo, na kesho yake Rais akatangaza hatatia saini mswada ule. Nimewasikia wakubwa wakisema vijana hawa ndio watakaovunja mipaka yote ya kisiasa. Natamani iwe hivyo. Lakini 2022 vijana walikuwa chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017. Kijana asiye kwenye daftari havuki popote. Damu iliyomwagika Juni 2024 inastahili kitu zaidi ya hasira. Inastahili kura.

Sasa nitoe msimamo wangu. Ndiyo, wapiga kura wa Kenya watavuka. Baadhi yao, wala si wachache. Watavuka pale ambapo mgombea amewafikia kwao mara nyingi, wala hakungoja wiki ya mwisho. Watavuka pale ambapo ana mtu wa kwao anayeheshimika, aliye naye kwa dhati, na ambaye hakununuliwa jana. Watavuka pale ambapo hali ya maisha imewabana kuliko uoga wa zamani. Na zaidi ya yote, watavuka pale wanapoamini kwamba kura yao ni siri, itahesabiwa kama walivyoipiga, na hakuna atakayewachomea nyumba kwa ajili yake. Katiba yenyewe inatusukuma huko. Rais wa Kenya hapatikani kwa kura za kwao pekee: lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Walioiandika walitaka anayeutafuta urais atembee, abishe hodi kwa watu wasiomjua.

Kwa wanasiasa nina neno moja. Acheni kuuziana watu. Mkulima wa chai wa Murang'a hana mwenyewe, na mvuvi wa Homa Bay hana mwenyewe. Nendeni mkawaombe kura wao, mmoja mmoja, mkiwaeleza mtafanya nini kuhusu bei ya majani chai, kuhusu samaki wanaopungua ziwani, kuhusu karo na matibabu.

Na kwako wewe, msikilizaji. Kama hujajiandikisha, nenda ukajiandikishe. Kama umejiandikisha, hakikisha jina lako lipo. Mtu akija kukuambia kwamba watu wetu tayari wameamua, muulize walikaa lini na wewe ulialikwa na nani. Ukitaka kubaki na chama chako, baki, ni haki yako, lakini ujue sababu. Ukitaka kuvuka, vuka bila kuomba ruhusa ya mtu. Na jirani yako akipiga kura tofauti na yako, mwache alale salama nyumbani kwake, kwa maana siku inayofuata mtakutana kisimani, sokoni, msikitini na kanisani, na nchi hii mtaendelea kuishi humo pamoja.